Madame Butterfly: mama aliyeachwa na askari, na namna teatre ilivyobadilisha mwisho wake

Hadithi yenyewe ni fupi, na hapa Mugunga mtu hatahitaji kuelezwa mara mbili. Askari mgeni anafika na jeshi lake. Iko na pesa. Anapanga nyumba, anamuweka ndani binti wa pale "kama mke". Muda wake wa kazi unaisha, anapanda meli, anaenda. Anaacha ahadi na mimba.

Lakini hadithi hii haikutoka Goma. Iliandikwa Marekani zaidi ya miaka 120 iliyopita, na inasimulia mambo ya Nagasaki, mji wa bandari huko Japani. Inaitwa Madame Butterfly, maana yake Bibi Kipepeo. Watu wengi wanaijua kama opera, yaani mchezo ambao waigizaji wanaimba maneno yao, na okestra inapiga muziki. Wachache njo wanajua kwamba mbele ya opera kulikuwa teatre, na mbele ya teatre kulikuwa hadithi fupi ya gazeti. Katika safari hiyo, mwisho wa hadithi ulibadilishwa. Badiliko hilo linatuhusu sisi pia.

Kwanza: hadithi ya gazeti

Mwaka 1898, mwanasheria wa Philadelphia aitwaye John Luther Long alichapisha hadithi hiyo katika gazeti la Century Magazine. Mambo ya Nagasaki aliyapata kwa dada yake, aliyeishi kule kama mke wa mmisionari. Wakati ule maofisa wa meli za kigeni walikuwa wakichukua mabinti wa Nagasaki kwa ndoa ya muda, kwa mapatano na malipo. Pierre Loti, ofisa wa meli za Ufaransa, alifanya vile mwaka 1885, na mwaka 1887 akatoa kitabu juu yake.

Katika hadithi ya Long, ofisa Pinkerton anamuacha Cho-Cho-San na mimba. Ndugu za binti wamekwisha kumkataa. Anazaa mtoto wa kiume, anangoja. Siku moja anajua kwamba Pinkerton ameoa mke mwingine kwao Marekani, na mke huyo anataka kumchukua mtoto. Cho-Cho-San anashika upanga wa marehemu baba yake ili ajiue. Anaanza, halafu anaacha. Mtoto analia, mtumishi Suzuki anamfunga kidonda. Kesho yake mke wa Pinkerton anafika nyumbani, anakuta nyumba tupu. Mama ameenda na mtoto wake.

Pili: teatre

Mwaka 1900, David Belasco wa New York aliigeuza hadithi kuwa mchezo wa sehemu moja tu. Hakuonyesha arusi. Alianzia pale mama anapongoja. Sifa kubwa ya mchezo ilikuwa usiku wa kungoja: meli imeonekana bandarini, mama na mtoto na Suzuki wanakaa dirishani, hakuna anayesema neno. Kwa karibu dakika 14, taa za jukwaani zilibadilika polepole, toka magharibi mpaka usiku, toka usiku mpaka alfajiri. Mume hakufika.

Belasco alibadilisha pia mwisho. Kwake yeye, Cho-Cho-San anajiua kweli, anakufa mikononi mwa Pinkerton. Watu walitoka ukumbini wakilia.

Tatu: opera

Mwaka huohuo mchezo ulipelekwa London. Giacomo Puccini, mtunzi wa muziki kutoka Italia, aliuona pale. Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana, lakini alishikwa na alichokiona, akaomba ruhusa ya kuutumia. Waandishi Luigi Illica na Giuseppe Giacosa walimuandikia maneno, wakaongeza arusi mwanzoni. Tarehe 17 Februari 1904, opera ilionyeshwa mara ya kwanza Milano, na watu waliizomea. Puccini aliirekebisha, na tarehe 28 Mei mwaka huo ilishangiliwa katika mji wa Brescia. Tangu hapo haijatoka jukwaani. Mwisho alioufuata Puccini ni ule wa kifo, na mtoto anabaki kwa baba na mke wa baba.

Na sisi hapa?

Tukubaliane: mama anayekufa anamaliza hadithi vizuri kwa mtazamaji. Analia, anapiga makofi, anarudi kwake. Mama anayebaki hai anasumbua, maana kesho atahitaji chakula, kodi ya nyumba na pesa ya shule.

Askari wa Umoja wa Mataifa walifika Kongo na MONUC tangu 1999, na mwaka 2010 ikawa MONUSCO. Mwaka 2003, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikataza wafanyakazi wake kutoa pesa, kazi au chakula ili wapate ngono, na kulala na mtu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, lawama zilizotoka Kongo zilikuwa nzito mpaka ikaandikwa ripoti kubwa mwaka 2005, iliyotaja pia watoto walioachwa. Mwaka 2016 uliundwa mfuko wa kusaidia waathiriwa, na 2017 akateuliwa mtetezi wa haki zao. Umoja wa Mataifa unaweza kupokea malalamiko na kusaidia kutafuta baba, lakini hauwezi peke yake kumlazimisha kulipa. Jambo hilo linarudi kwenye sheria na mahakama za inchi. Kwa hiyo mama ahifadhi kila kitu: jina, inchi, kikosi, tarehe, picha, ujumbe wa simu.

Na tusimuseme mgeni peke yake. Hata watu wa kwetu wanaacha. Yaka tofanda, watu kukaa pamoja bila mahari wala karatasi, inamalizika namna ileile siku mwanaume anapohamishwa kazi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inasema kila mtoto iko na haki ya kujua majina ya baba na mama yake. Haisemi kama baba ni mgeni ao ni wa hapa.

Vijana wa teatre wanaocheza mitaani wanapenda hadithi za namna hii, na wanafanya vizuri. Ombi letu ni moja: msimuue mama haraka. Long alimuacha aondoke na mtoto, akafunga hadithi pale kwenye nyumba tupu. Endeleeni kuanzia pale. Mama amefika mahali pengine, mtoto ana miaka sita, siku ya kuandikisha shule imefika. Mwalimu ameshika bike, anauliza: "Jina la baba?"