Kompyuta ilivyomgeuza mama wa sokoni kuwa watu wawili

MWAKA wa fedha ulikuwa umebakiza siku tisa kumalizika nilipoitwa ofisini kwa mweka hazina wa mji wetu wa mpakani. Wakati huo nilikuwa karani wa mapato, kazi niliyoifanya kwa miaka sita kabla ya kuingia katika biashara ya kuvusha nafaka ambayo hadi leo ndiyo inayonilisha. Nilidhani nitaulizwa habari za vitabu vya risiti. Kumbe nilikuwa nimetwishwa mzigo mwingine.

"Bwana karani, wewe unawajua wafanyabiashara," alisema. "Utaijaribu programu mpya kabla hatujaizindua."

Programu hiyo ndiyo ingetoa leseni, kupokea ushuru wa soko na kuhesabu kodi ya vibanda. Hadi siku hiyo tulikuwa tukitumia leja nne za jalada jeusi na risiti za karatasi ya kaboni. Sikuwa na chuki na kompyuta. Leja ilikuwa rahisi kuchezewa, na mara nyingi aliyeweza kusoma mwandiko wa karani alikuwa karani mwenyewe.

Kampuni iliyouza programu ilituletea orodha ya mambo 40 ya kujaribu: andika jina, pokea fedha, toa risiti, sahihisha kosa, funga hesabu za siku. Tulianza asubuhi, na jioni yote 40 yalikuwa yamefaulu. Hata hivyo, jambo moja lilinikera. Wafanyabiashara waliowekwa humo kwa ajili ya majaribio walikuwa wa kubuni. Kila mmoja alikuwa na jina lisilo na utata, kitambulisho kimoja, simu moja na kibanda kimoja. Nikajisemea moyoni, hawa si watu wa soko letu.

Siku ya pili niliomba kujaribu kwa kumbukumbu halisi zilizokwisha kuhamishwa kutoka kwenye leja. Nikachagua majina 30 na kuyalinganisha, moja baada ya jingine, na vitabu vya risiti.

Jina la tano lilikuwa la mama mmoja muuza samaki wakavu, aliyerejea nchini na watoto wake baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Cheti alichopewa siku ya kurejea kiliandika jina lake kwa tahajia ya Kifaransa. Kitambulisho chake cha taifa kiliandikwa kwa tahajia nyingine, na hata mwaka wa kuzaliwa haukufanana. Katika leja hilo halikuwa tatizo, kwani makarani wote walimjua kwa uso na kwa kibanda chake. Kompyuta haikumjua kwa uso. Iliona watu wawili.

Matokeo yake yalikuwa haya: malipo yake yote yalikwenda kwa mtu wa kwanza, na kodi ya kibanda ikawa inadaiwa kwa mtu wa pili. Mama aliyelipa kila mwezi bila kukosa alionekana mdaiwa wa mwaka mzima. Na programu ilikuwa imepangwa kuandika yenyewe barua ya kufunga kibanda cha kila mwenye deni la zaidi ya miezi mitatu.

Kati ya majina 30, saba yalikuwa na kasoro. Wengine walikuwa na namba za simu za upande wa pili wa mpaka, nazo programu ilizikataa. Mchana umeme ulikatika nikiwa katikati ya kupokea malipo. Uliporudi, malipo yaleyale yakaandikwa mara mbili.

Nilipomweleza fundi wa kampuni, kijana mwenye adabu zake, alinijibu: "Mzee, hayo hayamo kwenye orodha ya majaribio." Alisema kweli. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wenyewe.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya miji midogo isiyo na wataalamu. Jiji la Birmingham nchini Uingereza liliacha mfumo wake wa zamani wa hesabu mwezi Aprili 2022 na kuanza kutumia programu ya Oracle. Sehemu ya kulinganisha taarifa za benki na hesabu za jiji haikufanya kazi ipasavyo, ikabidi wafanyakazi waoanishe malipo kwa mikono. Kazi iliyokadiriwa mwanzoni kugharimu karibu pauni milioni 20 ilisemwa mwaka 2023 kuwa ingeweza kufikia milioni 100. Septemba mwaka huo jiji likatoa tangazo la kusimamisha matumiziyote mapya yasiyo ya lazima kisheria. Sababu kubwa ilikuwa madai ya mishahara ya wanawake waliolipwa pungufu, lakini mfumo huo mpya nao ulitajwa.

Siku ya tatu niliwekewa mezani fomu ya kukiri kwamba tumeridhika. "Tia saini, makosa madogo tutayarekebisha tukiwa kazini," nilihimizwa. Nilikuwa na watoto shuleni, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikaiweka chini, nikamtuma kijana sokoni.

Mama alikuja na risiti zake zikiwa zimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Alizipanga mezani kwa mweka hazina, mwezi kwa mwezi. Kisha akauliza: "Mwanangu, hiyo mashine yenu ikinifungia kibanda, nitamshitaki nani?"

Hakuna aliyemjibu. Baada ya kimya kirefu mweka hazina aliifuta tarehe ya uzinduzi. Iliamuliwa leja na kompyuta zitumike sambamba kwa miezi mitatu, barua za kufunga vibanda zisitoke bila afisa kuzisoma, na kila mfanyabiashara aitwe kuhakiki jina lake. Hapo nikatia saini, nikiwa nimeorodhesha kasoro zote chini ya jina langu.

Mkataba wangu haukurefushwa. Sikuambiwa sababu, nami sikuuliza. Lakini kila nipitapo soko lile namkuta mama yule kwenye kibanda chake kilekile, na huninyima nafasi ya kulipia samaki.

Kwa hiyo ndugu zangu mliorejea, na ninyi mnaovuka mpaka kila alfajiri, mji wenu ukitangaza mfumo mpya msingoje uzinduliwe. Nendeni na karatasi zenu zote, cha kurejea na cha taifa, mwombe kuliona jina lenu lilivyoandikwa kwenye kompyuta. Ulizeni kama namba ya simu ya ng'ambo inakubaliwa. Mkiitwa kwenye majaribio, nendeni, kwani kasoro za biashara yenu mnazijua ninyi. Na risiti ya karatasi, hata ikichakaa, msiitupe. Siku ile ofisini, yule mama hakuwa na wakili wala mkubwa wa kumtetea. Alikuwa na zile karatasi zilizofungwa kwenye kitenge.