Dawa ya Malale na Jaribio la Kura

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliuandama mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao tangu Ujiji hadi Burundi ulikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Ugonjwa huu husababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o. Usipotibiwa, vijidudu huingia ubongoni na mgonjwa hufa.

Mwaka 1906 Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, alianza kuwadunga wagonjwa wa visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria, dawa ya atoksili yenye aseniki. Baada ya majuma machache wengi walionekana kupata nafuu. Kambi za Wajerumani kando ya Ziwa Tanganyika zikaitumia dawa hiyo hiyo. Lakini nafuu mara nyingi haikudumu, na wagonjwa kadhaa wa Koch walioongezewa kipimo walipofuka.

Koch hakuwa na kundi la kulinganishia. Malale huweza kutulia kwa muda bila dawa. Kwa hiyo nafuu peke yake si ushahidi.

Katika jaribio la kisasa wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa kura. Daktari hachagui, wala mgonjwa. Hivyo wazee na vijana, walio mahututi na wenye nguvu, huelekea kuenea sawasawa katika kila kundi. Tofauti kubwa itakayoonekana baadaye yaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya dawa.

Jaribio la namna hiyo lilianza mwaka 2012 ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, pamoja na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kati ya wagonjwa 394 wa malale, 264 walipewa vidonge vya feksinidazoli, na 130 tiba ya zamani iliyohitaji dripu. Baada ya miezi 18 walifanikiwa kutibiwa asilimia 91 kwa vidonge na asilimia 98 kwa tiba ya zamani.

Je, vidonge vilishindwa? La. Watafiti walikuwa wameamua kabla ya kuanza kwamba pengo lisilozidi asilimia 13 lingekubalika, kwa kuwa vidonge hufika vijijini kwa urahisi zaidi. Kikomo kilichowekwa baada ya kuona matokeo kisingekuwa na thamani.

Kwa hiyo, mwanafunzi asomapo kwamba dawa fulani imeponya, na aulize: wagonjwa walilinganishwa na nani? Nani aliyewagawa? Walifuatiliwa kwa muda gani? Waliotoweka walihesabiwaje?