Kiwavi Asiyeoza: Ushindani wa Kuvu na Bakteria Unavyozalisha Kemikali za Tiba

Kiwavi anapouawa na bakteria au virusi, mwili wake hulegea, hunuka na kuoza kwa muda mfupi. Hata hivyo, katika mashamba ya mahindi, yakiwemo ya Kata ya Sigino katika Halmashauri ya Mji wa Babati mkoani Manyara, mkulima anaweza kukuta kiwavi aliyekufa akiwa bado ameng'ang'ania jani, mkavu na mgumu kama kijiti, amefunikwa na unga mweupe au wa kijani. Huyo ameuawa na kuvu. Swali ambalo wengi hulipita ni kwa nini haozi kama wenzake.

Jibu lake linagusa mambo mawili yenye uzito kwa wananchi: udhibiti wa wadudu waharibifu, na chanzo cha baadhi ya dawa zinazotolewa hospitalini.

Kuvu zinazoshambulia wadudu, zikiwemo Metarhizium na Beauveria, hazihitaji kuliwa na mdudu ili zimuue. Chembe yake ya uzazi, iitwayo spora, hutua juu ya ngozi ya mdudu, huota, hutoboa na kuingia mwilini, ambako hujilisha na kuongezeka hadi mdudu afe baada ya siku kadhaa. Kifo hicho si mwisho wa kazi. Tumbo la mdudu limejaa bakteria, na mzoga ni chakula cha yeyote atakayewahi. Kuvu isipojihami, bakteria watauozesha mwili huo kabla haijatoa spora mpya.

Silaha ya kujihami ni kemikali ambazo wataalamu huziita metaboliti. Beauveria, kwa mfano, hutengeneza oosporeini, kemikali yenye rangi nyekundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kemikali hiyo hutengenezwa kwa wingi baada ya mdudu kufa, na kwamba kazi yake wakati huo ni kuzuia bakteria wasiongezeke ndani ya mzoga. Kwa lugha nyepesi, kuvu hutia mzoga dawa ya kuhifadhi.

Mwaka huohuo watafiti wengine walibaini sura tofauti kabisa ya uhusiano huo. Walipowaambukiza mbu aina ya Anofelesi kuvu ya Beauveria, kinga ya utumbo wao ilidhoofika. Bakteria Serratia marcescens, ambaye kwa kawaida huishi tumboni mwa mbu, aliongezeka na kupenya hadi kwenye damu, na mbu wakafa mapema zaidi kuliko wale walioondolewa bakteria wa tumboni. Kemikali iliyohusika ni oosporeini ileile. Bakteria, basi, ni msaidizi wa kuvu mdudu akiwa hai, na ni mshindani wake mdudu akishakufa.

Ushindani wa namna hii ndio unaowavutia watafiti wa dawa. Siklosporini, dawa inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, ilitokana na kuvu Tolypocladium inflatum iliyopatikana katika udongo wa Norway. Uwezo wake wa kutuliza kinga ya mwili uligunduliwa mwaka 1972 katika maabara za kampuni ya Sandoz nchini Uswisi, na mwaka 1983 iliidhinishwa kutumika Marekani. Ilichukua hadi mwaka 1996 wanasayansi kuthibitisha kuwa kuvu hiyo, katika hatua nyingine ya maisha yake, huota juu ya buu wa mbawakawa. Dawa iliyobadili historia ya upandikizaji wa figo inatoka kwa jamaa wa kuvu zinazoua viwavi.

Ugumu uliopo ni kwamba kuvu ikikuzwa peke yake maabara, sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutengeneza kemikali hubaki umelala. Mwaka 2009 watafiti wa Jena, Ujerumani, walionyesha kuwa kuvu Aspergillus nidulans, ambayo si ya wadudu, iliamsha vinasaba vilivyolala baada ya kugusana na bakteria wa udongo wa kundi la Streptomyces. Katika kuvu maarufu ya kiwavi cha milima ya Tibet, Ophiocordyceps sinensis, imebainika kuwa bakteria wengi huishi ndani na kuizunguka, na inadhaniwa kuwa wanachangia tofauti kati ya ile ya porini na ile ya kukuzwa. Kudhani si kuthibitisha. Mnunuzi wa vidonge vinavyonadiwa kwa jina la kuvu hiyo anapaswa kwanza kuuliza kama vimesajiliwa, kwani jina la kuvu kwenye chupa halisemi ni kemikali zipi zimo ndani wala kwa kiasi gani.

Kuvu hizi si ngeni nchini. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kijiji cha Lupiro, mkoani Morogoro, ambako vitambaa vyeusi vya pamba vilivyopakwa Metarhizium vilining'inizwa katika nyumba tano, na asilimia 23 ya mbu walionaswa walikutwa wameambukizwa. Mwaka 2009 Tanzania, kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ilitumia kuvu ya jamii hiyo dhidi ya nzige wekundu katika eneo la Iku-Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la Mto Malagarasi, takriban hekta 10,000.

Kwa mkulima wa mahindi na mbaazi wa Sigino, anayekabiliana na kiwavijeshi vamizi tangu alipoingia nchini mwaka 2017, faida ya elimu hii ipo shambani. Kiuatilifu cha kuvu ni kiumbe hai. Jua kali huua spora, hivyo hupuliziwa jioni. Joto huiharibu ghalani. Na dawa ya kuzuia ukungu wa mimea ikipuliziwa siku hiyohiyo huweza kuiua kuvu yenyewe. Kabla ya kununua, mkulima ahakikishe kuwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Kiwavi mkavu mwenye unga naye aachwe palepale kwenye jani. Asiliwe wala asisagwe kuwa dawa ya nyumbani, lakini asitupwe motoni pia: spora zitakazotoka kwake ndizo zitakazowafikia viwavi wa jirani.