Mtoto Naye Ahamie Shamba Jipya

Kila mwaka, mahindi yakisha kuingia ghalani, watu wengi huanza shauri la kuhama. Sababu zao twazijua. Katika Vihiga, kwa mfano, hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 1,000. Shamba ambalo babu alililima kwa siku kumi, mjukuu hulimaliza asubuhi moja. Basi mtu huuza kipande chake, au hukusanya akiba ya miaka mingi, akanunua ekari mbili tatu upande wa Trans Nzoia. Jambo hili si geni katika Kenya. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka wa 1962, na jamaa kama 35,000 wakapewa mashamba yaliyokuwa ya walowezi wa Kizungu. Nao pia walifika na masufuria, kuku na watoto.

Mkulima anayehama hujitayarisha vizuri kwa mambo ya shamba. Huja ofisini kwetu akauliza habari za udongo, mbegu zinazofaa mahali pa baridi, na mwezi wa kupanda. Lakini ukimwuliza, "Mzee, na watoto umewatayarishaje?" hucheka kidogo, akajibu, "Ah, karani, watoto ni watoto. Watazoea."

Ni kweli watazoea. Lakini, ndugu msomaji, wewe mwenyewe wajua jinsi miche ya sukuma wiki inavyozoea. Hung'oi mche kitaluni saa sita za mchana ukaupanda katika jua kali. Wiki moja au mbili mbele, unapunguza maji na kivuli ili mche ukomae. Siku ya kung'oa unamwagia kitalu maji ili udongo ushike mizizi, kisha unapanda jioni. Mche wa shilingi chache tunaufanyia kazi yote hii, na mtoto tunampakia juu ya lori alfajiri kama gunia.

Kwanza, mtoto aambiwe. Usidhani kwamba hajui. Alianza kujua siku ile alipowasikia wazazi wakinong'ona usiku juu ya bei ya ekari, na kwa kuwa hakuambiwa lolote, alijitungia habari zake mwenyewe, ambazo mara nyingi ni mbaya kuliko za kweli. Baba na mama na waketi na watoto pamoja, mwezi mmoja au miwili kabla ya safari, wawaambie wanakwenda wapi, kwa sababu gani, nani atakwenda na nani atabaki. Kama nyanya atabaki kulinda boma na kaburi la babu, semeni hivyo. Mtoto akilia, mwacheni alie. Wala msimwahidi baiskeli ikiwa fedha zote zimekwisha kwa kununua shamba.

Kuna baba mmoja aliyekuja kwetu kuuliza habari za mbolea ya kupandia. Tukiwa katika mazungumzo alinieleza kwamba mwanawe wa miaka tisa aliambiwa kuwa wanakwenda Kitale kutembea tu. Siku zikapita, wiki zikapita, mtoto akaona nyumba inaezekwa mabati, akatambua kwamba matembezi hayo hayana mwisho. Asubuhi moja alikutwa katika kituo cha magari, amebeba vitabu vyake vya shule ndani ya mfuko wa unga, akiuliza gari la kwenda Mbale. Hakuwa na senti hata moja. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyemzuia. Baba yake aliniambia, "Karani, ng'ombe walifika salama, kuku walifika, hata mlango wa zamani niliung'oa ukafika. Mtoto peke yake ndiye ambaye hakufika."

Mtoto yule alipatikana, namshukuru Mungu. Lakini barabara ya Kitale ina malori mengi, na si kila mtu kituoni ni muuza ndizi mwenye huruma.

Sasa tuangalie wakati wa kuhama, kwa maana hapa mkulima ana shida ambayo mtu wa mjini hana. Mvua ya masika huanza mwezi wa Machi, na kila mtu hutaka kuwahi kupanda. Kwa hiyo wengi huhama Februari au Machi, watoto wakiwa katikati ya muhula wa kwanza. Mtoto huingia darasa lililokwisha kuketi. Madawati yana wenyewe, na marafiki wamekwisha kuchaguana. Aprili kuna likizo, lakini mvua ni nyingi, na lori hukwama katika matope pamoja na vitanda vyenu. Mimi naona wakati ulio bora ni mwezi wa Desemba. Shule zimefungwa, njia zimekauka, na Januari watoto wote huanza mwaka pamoja, hata asiye mgeni ana mwalimu mgeni. Nawe utapata Januari na Februari za kulima kabla ya kupanda. Kama shamba halina nyumba, mtu mzima mmoja atangulie mwezi wa Oktoba au Novemba ajenge.

Mtoto aliye katika Gredi ya 6 au ya 9 asihamishwe katikati ya mwaka wa mtihani, kwa sababu ameandikishwa kufanya mtihani katika shule yake. Ni heri abaki kwa nyanya au kwa shangazi mpaka amalize. Lakini wale wadogo wa chini ya miaka mitano msiwaache nyuma kwa kisingizio cha kupunguza mzigo. Mtoto wa miaka mitatu hana kalenda. Kwake miezi minne ni sawa na milele.

Shuleni, mzazi aende mwenyewe pamoja na mtoto kabla ya siku ya kwanza. Tembeeni njia hiyo kwa miguu, mara mbili ikiwezekana, mkitazama alama: mti fulani, duka fulani, daraja. Katika Vihiga mtoto huenda shule akisikia sauti za watu kila hatua, kwa kuwa nyumba zimebanana. Katika mashamba makubwa anaweza kupita mahindi marefu pande zote mbili bila kuona mtu, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Mtafutieni mtoto wa jirani watakayefuatana naye. Mwulizeni mwalimu mkuu kama mtoto anaweza kuvaa sare yake ya zamani kwa muhula mmoja. Akikataa, nunueni sare kabla ya kununua kitu kingine, kwa maana mtoto mgeni mwenye sare ya rangi nyingine huchekwa kabla hajafungua kinywa. Tena, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inampa kila mtoto haki ya kusoma, kwa hiyo usikubali kuambiwa urudi kwenu.

Jambo la lugha huwapata wazazi bila kutazamia. Katika madarasa ya chini vijijini, walimu hufundisha kwa lugha ya mahali pale. Mtoto aliyezoea Kimaragoli akiingia darasa la Kibukusu au Kisabaot, huenda akakaa kimya majuma mengi, na mwalimu akadhani ni mzito wa akili. Kumbe anasikiliza tu. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuja katika ofisi ya kilimo, nami nasema bila shaka kwamba mtoto aliyejua Kiswahili kidogo hufunguka upesi kuliko asiyekijua kabisa. Basi katika miezi ile ya kungoja, zungumzeni Kiswahili jioni nyumbani, hata kama ni cha kuvunjikavunjika. Na mwambieni mwalimu siku ya kwanza mtoto anajua lugha gani.

Nyumbani, kila mtoto apewe kitu chake cha kuhamisha na kazi yake ya kufanya. Kuku mmoja aliye wake yatosha. (Lakini kuku wachanjwe chanjo ya kideri majuma mawili au zaidi kabla ya safari, na ng'ombe wapate kibali cha ofisi ya mifugo, la sivyo utazuiliwa njiani mbele ya watoto.) Mkifika, mpimieni mtoto kitalu karibu na jikoni apande kunde na mrenda, mbegu zilizotoka kwa nyanya yake. Januari ni kavu, kwa hiyo atanyweshea maji yaliyooshea mboga. Baada ya mwezi mmoja hivi atachuma majani, na siku ile mboga zake zitakapokuwa mezani mtamwona anavyoketi.

Kwa majuma ya kwanza msishangae mtoto akikojoa kitandani ingawa aliacha zamani, akikataa chakula, akiumwa na tumbo kila asubuhi ya shule, au akipigana na ndugu zake. Huo si utundu. Kiboko hakiponyi jambo hili, bali hulificha. Laleni na kuamka saa zile zile za zamani, na vyakula viwe vile vile kwa kadiri mnavyoweza. Ikiwa mwezi umepita na hali haijapungua, mwoneni mwalimu, kisha mpelekeni zahanati.

Kuna hatari pia ambazo mtoto hakukua nazo. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku ni baridi. Msimpashe mtoto joto kwa kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya makaa huua watu usingizini. Mwongezeeni blanketi. Dawa za magugu na za kuhifadhi mahindi zifungiwe kwa kufuli. Anayehamia mahali pa maji ya kunyunyizia, kama mashamba ya mpunga ya Mwea, na awakataze watoto kuoga katika mifereji kwa sababu ya kichocho, na awalaze ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, hata kama kitanda hakijafungwa.

Panga safari ya kwanza ya kurudi kumwona nyanya, labda likizo ya Agosti, weka nauli kando, umwonyeshe mtoto tarehe katika kalenda ukutani.

Mwisho ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki, barua ya kuhama kutoka shule ya zamani na ripoti ya muhula uliopita vitiwe pamoja katika mfuko mmoja usiopitisha maji. Mfuko huo usipakiwe juu ya lori pamoja na vyombo. Mama aushike mkononi.