Jinsi Mkato wa Barabara Unavyoundwa kwa Kompyuta

Kabla ya greda kufika eneo la mradi, barabara huwa imekwisha kujengwa ndani ya kompyuta. Mhandisi husanifu mkato wake, yaani umbo ambalo lingeonekana endapo barabara ingekatwa kwa upana: njia za magari, mabega, tuta na mitaro. Programu huurudia mkato huo katika urefu wote wa barabara, kisha hukokotoa udongo wa kuchimba na kujaza, pamoja na upana wa ardhi utakaohitajika.

Civil 3D ya kampuni ya Autodesk, mojawapo ya programu zinazotumika katika usanifu wa barabara, ina vijenzi vya mkato vilivyo tayari. Hata hivyo, si vyote vinavyolingana na viwango vya nchi au aina ya mtaro unaohitajika. Hapo mhandisi huunda kijenzi chake kwa kutumia Subassembly Composer, programu inayoambatana na hiyo.

Kazi huanza kwa kuweka nukta, kuziunganisha kwa mistari, na kufunga mistari hiyo kuwa maumbo ya matabaka ya barabara. Kila kipimo hupewa jina na thamani inayoweza kubadilishwa. Kwa mfano, njia ya magari yenye upana wa mita 3.25 na mteremko wa asilimia 2.5 hushuka takriban sentimita 8 hadi ukingoni, ili maji ya mvua yasituame.

Hatua inayohitaji umakini zaidi ni masharti. Kijenzi kinaweza kuelekezwa kwamba tuta lisilozidi kimo cha mita 1 lishuke mita 1 kwa kila mita 4 za upana, na lililo refu zaidi lishuke mita 1 kwa kila mita 2. Hivyo, tuta la mita 3 hupanuka mita 6 kutoka ukingo wa bega. Sharti likigeuzwa kimakosa, hupanuka mita 12.

Nchini Tanzania, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, hivyo kosa hilo laweza kubaki ndani yake. Katika barabara za mitaa zenye hifadhi finyu, mita hizo 6 za ziada zaweza kufika kwenye kiwanja cha mwananchi, na mtaro ukahamia mlangoni pake.

Kwa sababu hiyo, kijenzi kipya hakina budi kujaribiwa katika sehemu za kuchimba na za kujaza, na matokeo yake kulinganishwa na hesabu za mkono, kabla michoro haijaidhinishwa.