Hewa ya Ukaa Ivukapo Mipaka: Nani Atakuwa Mlinzi Wake?

Kila mfuko wa saruji tunaojengea makanisa, shule na nyumba zetu una gharama isiyoandikwa juu yake. Ili kupata saruji, mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri, na mawe hayo yenyewe hutoa hewa ya ukaa, mbali na ile itokayo kwenye makaa yanayowasha moto. Kwa hiyo, hata kiwanda kikipata nishati safi, bado kitatoa hewa hiyo inayoongeza joto duniani. Njia mojawapo inayotumika sasa ni kuinasa kabla haijatoka dohani na kuizika chini kabisa ya ardhi.

Norway imetangulia. Katika kiwanda cha saruji cha Brevik, mtambo uliozinduliwa Juni 2025 umekusudiwa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, yaani karibu nusu ya hewa ya ukaa itolewayo na kiwanda hicho. Hewa iliyonaswa hupozwa na kugandamizwa hadi iwe kimiminika, hupakiwa melini na kupelekwa Øygarden, karibu na mji wa Bergen. Kutoka hapo husukumwa katika bomba la kilomita 100 hivi, hadi kwenye mwamba wa mchanga ulio mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Juu yake umelala mwamba mwingine usiopitisha hewa, mfano wa mfuniko juu ya chungu. Kampuni ya Northern Lights, inayomilikiwa kwa pamoja na Equinor, Shell na TotalEnergies, ilianza kuizika humo Agosti 2025.

Ghala hilo halikujengwa kwa ajili ya Norway pekee. Kiwanda cha mbolea cha Yara huko Sluiskil, Uholanzi, kimetia saini mkataba wa kupeleka tani 800,000 kwa mwaka; Denmark nayo imo, kupitia kampuni ya Ørsted.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Itifaki ya London ya mwaka 1996 inakataza nchi kusafirisha taka zake ili zikatupwe baharini kwa wengine, na shabaha yake ni njema: bahari ya jirani isigeuzwe jalala. Mwaka 2009 ilifanyiwa marekebisho ili hewa ya ukaa iruhusiwe kuvuka mipaka kwa ajili ya kuzikwa, lakini nchi zilizoridhia hazikutosha. Mwaka 2019 ikakubaliwa kwamba nchi zinazotaka ziyatumie marekebisho hayo kwa muda, mradi ziwe na makubaliano yanayogawa wajibu baina ya mtumaji na mpokeaji.

Ugawaji huo wa wajibu una uzito mkubwa wa kimaadili. Kampuni huishi miaka michache, ilhali hewa iliyozikwa yapaswa kukaa chini karne nyingi. Kwa sheria za Ulaya, ghala likishafungwa na kuthibitika kuwa salama, dhamana yake hatimaye huhamia kwa serikali, yaani kwa wananchi, wakiwemo ambao hawajazaliwa. Ni haki, basi, wananchi waelezwe mapema, na wanaochafua watenge fedha za ulinzi huo.

Katika Wosia wa Kitume *Laudate Deum* wa 4 Oktoba 2023, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikiri kwamba mbinu za kunasa hewa hizi zinatia matumaini, lakini akaonya tusiridhike na kupaka rangi juu ya nyufa. Wahenga walituasa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tukumbuke kwamba ufa huzibwa vema baada ya kuondoa kinachoupasua ukuta. Kwa viwanda vya saruji, ambavyo havina njia nyingine ya karibu, ghala la Norway ni msaada wa kweli. Lisigeuzwe kuwa kibali cha kuendelea kuchoma mafuta na makaa pale ambapo njia safi imekwisha kupatikana, kwa maana watakaoumia kwanza kwa ukame na mafuriko ni maskini, ambao mchango wao katika uchafuzi huu ni mdogo kuliko wa wote.