Pasi ikizimika usikimbilie kuitupa: intaneti itakuonyesha ufa, lakini jua pa kukomea

Na MWANDISHI WETU

Katika nyumba nyingi za Nairobi kuna pembe moja, aghalabu juu ya kabati la jikoni au chini ya kitanda, ambapo vyombo vya umeme vilivyokufa huwekwa vikingojea siku ya kutengenezwa. Kuna pasi iliyozimika ghafla asubuhi ya shule, birika la umeme lisilochemsha tena, na blenda inayonguruma bila kusaga. Siku hiyo ya kutengenezwa haifiki. Mwishowe hupita mnunuzi wa vyuma kuukuu, akavichukua kwa bei ya kutupa, na mwenye nyumba akaenda kununua vingine.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni vingapi kati ya vyombo hivyo vilikuwa vimekufa kweli? Mara nyingi chombo kizima huzimwa na kitu kimoja kidogo: fyuzi iliyoungua, waya uliokatika ndani ya mpira wake, au kijiraba cha blenda kilicholika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shida ni kwamba wengi wetu hatujui ufa wenyewe uko wapi, na asiyejua huwa mateka wa kila anayedai kujua.

Hapo ndipo simu iliyo mfukoni mwako inapoweza kukufaa, mradi uitumie kwa akili.

MAARIFA YALIYOKUWA YA WACHACHE

Kwa miaka mingi maarifa ya kufungua pasi au friji yalikuwa ya fundi peke yake. Kijana aliyeyataka ilimbidi akae chini ya fundi mkubwa, ashike taa, achote maji, na kujifunza kwa macho. Hivyo ndivyo jua kali ilivyokua. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya, iliyoonyesha kwamba kazi za namna hii zilikuwa tegemeo la watu wengi, wala si uvivu wa mjini kama wengine walivyodhani. Serikali nayo ilizitolea waraka maalumu wa sera mwaka wa 1992.

Mambo yalibadilika intaneti ilipoingia. Mwaka wa 2003 huko California, Marekani, wanafunzi wawili, Kyle Wiens na Luke Soules, walianzisha iFixit baada ya Wiens kutafuta mwongozo wa kutengeneza kompyuta yake asiupate. Leo mtandao huo hutoa bure maelezo ya kufungua na kutengeneza vitu vya kila aina, hatua kwa hatua, na picha kwa kila hatua. YouTube ilianzishwa mwaka wa 2005, na sasa si rahisi kutaja chombo cha nyumbani ambacho hakuna mtu aliyekifungua mbele ya kamera. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, Wakenya waliondokana na kutegemea satelaiti pekee, na kutazama video kukaacha kuwa anasa.

ANZA NA LEBO KABLA YA BISIBISI

Kosa la wengi ni kufungua kwanza na kuuliza baadaye. Kabla hujashika bisibisi, chomoa chombo kwenye soketi, kigeuze, utafute lebo. Hapo pameandikwa jina la kampuni, namba ya modeli, volti na wati. Andika namba hiyo ya modeli kwenye simu pamoja na ugonjwa wenyewe kwa maneno machache: haipati moto, inavuja, inazima yenyewe. Video nyingi ni za Kiingereza, kwa hivyo jaribu lugha zote mbili. Kampuni nyingi pia zimeweka kitabu cha maelezo kwenye tovuti zao, hata kama kile chako kilipotea siku ya kuhama.

Usitosheke na video moja. Tazama mbili au tatu kuhusu ugonjwa ule ule. Zikikubaliana, una msingi. Zikitofautiana, huyo aliye na sauti kubwa si lazima awe ndiye mkweli. Na mtu anayefungua chombo kikiwa bado kimechomekwa, mfunge hapo hapo utafute mwingine.

Kisha piga picha kila hatua unapofungua, na uziweke skurubu kwenye sahani kwa mpangilio ulivyozitoa. Mafundi wengi wa nyumbani hawashindwi kufungua; hushindwa kurudisha.

TUCHUKUE MFANO WA PASI

Tuseme pasi yako ya wati 1,200 imezimika. Kwanza jaribu soketi kwa chombo kingine. Ikiwa soketi ni nzima, fungua plagi. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, na pasi au birika huhitaji ya ampea 13. Taa ya mezani au redio hutosheka na ya ampea 3. Ukikuta fyuzi imeondolewa na mahali pake pamewekwa kipande cha waya au karatasi ya ng'aring'ari ya pakiti ya sigara, shukuru Mungu kwamba pasi ilizimika kabla ya nyumba kuwaka.

Fyuzi ikiwa nzima, tazama waya pale unapoingia kwenye pasi. Hapo ndipo hupindwa kila siku, na nyuzi za shaba hukatika ndani huku mpira wa nje ukionekana mzima. Wengi watapata ugonjwa hapo na hawatahitaji kwenda mbali zaidi.

Ikiwa bado, utahitaji mita ya kupimia umeme. Ile ndogo ya dijitali aghalabu haizidi bei ya kuku mmoja wa kienyeji, na itakutumikia miaka. Pasi ikiwa imechomolewa na kupoa, pima elementi, yaani ule uzi unaotoa joto. Hesabu yake ni rahisi: volti mara volti, gawanya kwa wati. Kwa pasi yetu, 240 mara 240 ni 57,600. Ukigawanya kwa 1,200 unapata omu 48. Mita ikionyesha karibu na hapo, elementi ni nzima. Isipoonyesha chochote, elementi imekatika, na huenda kununua pasi nyingine kukawa nafuu.

Elementi ikiwa nzima, washukiwa waliobaki ni wawili: themostati inayopandisha na kushusha joto, na kifyuzi cha joto. Hiki cha pili ni kidogo kama punje ya mchele mrefu, na kazi yake ni kukata umeme pasi ikipata moto kupita kiasi. Kikishakata hakirudi, hubadilishwa.

Sikiza hapa kwa makini, msomaji. Kuna wanaokitoa kifyuzi hicho na kuunganisha nyaya moja kwa moja. Pasi huwaka vizuri, mteja hufurahi, na malipo huwa madogo. Lakini pasi hiyo sasa haina kizuizi. Siku themostati ikikwama, nayo imeachwa juu ya kitambaa mtoto akilia chumba cha pili, hakuna kitakachoizima. Kule Kawangware na Kangemi, ambako nyumba za mabati zimeshikana ukuta kwa ukuta, moto wa nyumba moja si wa nyumba moja. Kwa hiyo ukipeleka pasi kwa fundi, muulize swali moja tu: umebadilisha kifyuzi cha joto au umekiruka? Swali hilo pekee lina thamani kuliko bando lote ulilotumia.

FRIJI NAYO INA DAWA ZAKE

Si kila tiba inahitaji kufungua. Friji isiyoganda vizuri huenda inaugua raba ya mlango. Funga mlango juu ya karatasi kisha uivute; ikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatoka hivyo hivyo usiku kucha. Osha raba kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ujaribu tena kabla ya kununua nyingine. Chomoa friji na upanguse vumbi kwenye mabomba meusi ya nyuma, kwa kuwa hapo ndipo joto hutokea.

Na umeme ukipotea kisha ukarudi, usiwashe friji papo hapo. Kompresa huhitaji dakika chache shinikizo la gesi litulie, la sivyo husukuma dhidi ya mzigo na kuungua. Ndiyo maana vile vifaa vya kulinda friji huchelewesha umeme kwa dakika kadhaa. Havikuharibika, vinafanya kazi vilivyonunuliwa kufanya.

UMEME WETU SI WA MAREKANI

Video nyingi hutoka Marekani, na hapa pana mtego. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120. Wetu ni 240. Blenda aliyokuletea shangazi kutoka Boston itaungua ukiichomeka hapa bila transfoma.

Mtego mkubwa zaidi ni rangi za nyaya. Hapa kwetu waya wenye moto katika vyombo vya siku hizi ni wa kahawia, wa kurudisha umeme ni wa buluu, na wa ardhi una kijani na manjano. Katika nyumba na vyombo vya zamani, wenye moto ni mwekundu na wa kurudisha ni mweusi. Lakini Mmarekani kwenye video atakuambia waya mweusi ndio wenye moto. Ukimfuata neno kwa neno katika nyumba ya zamani ya Kileleshwa, utakuwa umegeuza mambo chini juu. Basi jifunze kwake namna ya kuutafuta ugonjwa, lakini rangi na volti zisome hapa nyumbani.

PA KUKOMEA

Kuna vyombo ambavyo video isikushawishi kuvifungua. Cha kwanza ni oveni ya maikrowevu. Ndani yake mna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa volti elfu kadhaa hata baada ya kuchomolewa. Umeme huo huua. Runinga za zamani zenye mgongo mkubwa zina hatari kama hiyo.

Pili, usiguse mabomba ya gesi ya friji. Friji nyingi mpya hutumia gesi ya R600a ambayo hushika moto, na haifai kuchomelewa na mtu asiyeisomea. Tatu, ile shawa ya umeme ya kuoga hutumia maelfu ya wati mahali penye maji na mwili usio na nguo. Hiyo, pamoja na nyaya za ukutani na boksi la mita, ni kazi ya fundi wa umeme aliye na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini. Mwombe akuonyeshe leseni. Aliye nayo haoni haya kuitoa.

FUNDI HAJAPOTEZA KAZI

Yupo atakayeuliza: je, haya yote hayamnyang'anyi fundi riziki? Hapana. Aliyeshinda na simu yake Jumamosi usiku bado atahitaji kifyuzi cha joto Jumatatu, na hicho hakiuzwi na intaneti ya bure. Atapanda matatu kutoka Uthiru au Kawangware, ashuke mjini, na kuelekea Luthuli Avenue. Barabara hiyo ilipanuliwa njia za waendao kwa miguu mwaka wa 2019, na maduka yake ya redio, spika na vipuri yangali yamebanana hadi inapokutana na River Road. Kwa wasiotaka kufika mjini, vibanda vya mafundi viko soko la Kangemi, Kawangware na Dagoretti Corner.

Tofauti ni namna anavyofika. Mteja wa jana alisema, "Fundi, imekufa, itazame," kisha akangojea bei. Mteja wa leo anasema, "Fundi, elementi nimeipima ni nzima, nataka kifyuzi cha joto cha kiwango kilichoandikwa kwenye hiki cha zamani." Fundi mwaminifu humpenda mteja wa namna hiyo, maana amempunguzia kazi na hatamgombeza bure. Asiye mwaminifu atasema kipuri hicho hakipatikani. Ukisikia hivyo, mshukuru uende kibanda cha pili.

Jambo hili si la Nairobi peke yake. Mwaka wa 2009 huko Amsterdam, Uholanzi, Martine Postma alianzisha Repair Café, mahali ambapo majirani hukutana na kusaidiana kutengeneza vitu badala ya kuvitupa. Mwaka wa 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa vyombo kama friji na mashine za kufulia kuvitengeneza hata baada ya muda wa dhamana kwisha. Kenya nayo ilitunga mwaka wa 2022 sheria ya usimamizi wa taka inayomtwika mtengenezaji na mwagizaji wajibu juu ya bidhaa yake hata inapogeuka taka. Kwa kile kisichotengenezeka kabisa, upo WEEE Centre hapa Nairobi unaopokea taka za umeme ili zisitupwe jaani.

Basi Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, iteremshe ile pasi iliyo juu ya kabati. Mwite kijana wako na binti yako pia, kwa sababu omu haijui mvulana wala msichana. Ichomeni? La, msiichome. Fungueni plagi, mtazame fyuzi, mpime waya. Mkikuta ni ule waya uliokatika pale shingoni, mtakuwa mmeokoa bei ya pasi mpya, na watoto watajua kwamba kitu kinaweza kuharibika bila kuwa kimekwisha.